Lita Sitini

Haikuwa zamani sana, wala haikuwa mbali sana. Ilikuwapo nchi ambayo katika hadithi hii haina jina, si kwa sababu msimulizi anaogopa mtu, bali kwa sababu nchi yenyewe iliunda kamati ya kujitafutia jina jipya, na kamati hiyo bado iko kwenye mapumziko ya chai.

Nchi hiyo ilikuwa na mtihani mmoja mkubwa wa kumaliza shule ya msingi, na watoto wote waliufanya siku moja, saa moja, toka mpaka mmoja hadi mwingine. Aliyefaulu aliingia kidato cha kwanza. Aliyefeli alirudi nyumbani kuchunga mbuzi wa baba yake, kama baba alikuwa na mbuzi. Sasa mwaka mmoja mtihani huo ulionekana sokoni wiki mbili kabla ya siku yake. Wauza karanga walikuwa wakifungia karanga ndani yake. Mteja wa karanga zenye chumvi alipata Hisabati, wa zisizo na chumvi akapata Maarifa ya Jamii. Wananchi walinung'unika, na Serikali, ambayo ni sikivu, ikachukua hatua siku hiyohiyo. Ikapiga marufuku karanga.

Karanga zikatoweka sokoni. Hata hivyo wachokozi hawakukosekana, wakawa wanauliza mtihani wenyewe ulimfikiaje muuza karanga. Ndipo Baraza Kuu la Kutahini, Kupima na Kupambanua Watoto likatangaza Maboresho. Neno hilo lilichapishwa kwenye fulana, kofia na vikombe kabla haijajulikana ni kitu gani kitaboreshwa. Fulana zilipokwisha kugawiwa, mtu mmoja akakumbusha kwamba mtihani unahitaji maswali, na kwamba safari hii ingependeza yatungwe na walimu.

Ikatafutwa shule ambayo haijawahi kununua mtihani. Kazi haikuwa ngumu, kwani palikuwa na shule moja tu ambayo kwa miaka kumi na mitano haikufaulisha mtoto hata mmoja. Shule hiyo ni Kilungwini, na mwalimu wake wa Hisabati aliitwa Nyamizi Lugoye.

*

Mwalimu Nyamizi alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minane, mfupi, mwenye sauti ya chini na hasira ya polepole. Alifundisha Hisabati kwa fimbo, lakini si kwa namna unayofikiri wewe.

Katika nchi ile kila shule ilikuwa na tangi la maji, kwa amri. Shule nyingine zilikuwa na tangi bila maji, lakini amri haikutaja maji. Kilungwini walibahatika: boza la maji lilikuja kila Jumatatu, likajaza, likaondoka. Baada ya hapo ilikuwa ni juu yao. Kila asubuhi mtoto mmoja wa darasa la saba alipanda ngazi akatumbukiza fimbo ndefu iliyochongwa alama tatu: robo, nusu, robo tatu. Kisha darasa zima lilipiga hesabu: zimetumika lita ngapi, zimebaki ngapi, leo uji upikwe au watu wavumilie. Aliyekosea hesabu hakuchapwa. Alikaa na kiu hadi Jumatatu pamoja na wenzake, na wenzake hawakumwacha asahau.

Kwa hiyo watoto wa Kilungwini walizijua hesabu za sehemu kwa ulimi na koo. Mwaka ule walikuwa arobaini na mmoja, na mshika fimbo alikuwa msichana aitwaye Kabula, mwenye mwandiko unaolalia kushoto kama nyasi zilizopigwa na upepo.

Barua ya Baraza ilipofika, Nyamizi aliwakusanya kando ya tangi.

"Naitwa kutunga mtihani," aliwaambia. "Sitawaambia swali hata moja, hata mkinililia. Lakini nawaahidi jambo moja. Mwaka huu anayejua atapata."

Hawakupiga makofi. Hawakuwahi kusikia ahadi ya namna hiyo, na Kabula akauliza kama anayejua atapata hata kama anatoka Kilungwini.

"Hasa huyo," akasema Nyamizi, kisha akapanda lori.

*

Watungaji walikuwa tisa. Walifungiwa katika chuo kimoja chenye ukuta mrefu, simu zao zikatiwa kwenye ndoo yenye kufuli, na kila aliyekwenda msalani alisindikizwa na askari wawili, mmoja wa kumlinda na mwingine wa kumlinda yule wa kwanza. Nyamizi aliyapokea hayo yote kwa moyo mmoja. Siri ndiyo iliyomleta. Kwa wiki tatu watungaji walitunga maswali hamsini mazuri, ya watoto kabisa, yasiyomtega mtu.

Kisha maswali yakaanza kupanda ngazi.

Hilo ndilo lililokuwa boresho lenyewe. Kila swali lilipaswa kupita kwa maofisa kumi na watatu, mmoja juu ya mwingine, hadi kwa Waziri. Aliyewasimamia watungaji alikuwa Bwana Kirumbuyo, Afisa Mratibu, mwanamume mpole mwenye tumbo lililomtangulia kila mahali. Jioni ya kwanza alirudi na karatasi mkononi.

"Mwalimu, swali la kumi na mbili limefutwa."

"Kwa nini? Linauliza moyo wa binadamu una vyumba vingapi."

"Naibu Mkurugenzi hakujua."

"Si angeuliza?"

Bwana Kirumbuyo akashusha pumzi. "Mama, amuulize nani? Walio chini yake hawawezi kujua asichokijua yeye. Isome Kanuni ya Nne: mtoto hataulizwa jambo ambalo mkubwa wake halijui. Mtoto wa miaka kumi na mitatu akijua kitu asichokijua Naibu Mkurugenzi, hiyo ni elimu hiyo? Hiyo ni dharau."

Tangu hapo kila jioni ikaja na misiba yake. Swali la mito mitatu mikubwa ya nchi lilifutwa kwa Kamishna wa Ubora, aliyeijua mmoja, ule uliopita nyuma ya nyumba yake. Swali la mwaka wa uhuru lilifutwa kwa Mkaguzi Mkuu baada ya yeye kuandika miaka miwili tofauti na kuipenda yote. Swali la kuuliza ipi ni kubwa kati ya 0.5 na 0.45 lilifutwa kwa maelezo kwamba linachochea ubishi usio na tija. Swali la kwa nini tunanawa mikono kabla ya kula halikufika mbali.

Na karatasi zenyewe zilirudi zikiwa hazishikiki. Maofisa walizipitia wakiwa mezani. Swali la pembetatu lilirudi likiwa na mchuzi katika pembe zote tatu. Swali la usafi wa mazingira lilikuwa na mfupa wa kuku umegandia ubavuni, na mtu alikuwa amepangusia vidole kwenye swali la uadilifu. Nyamizi alizishika kwa ncha za kucha. Wakubwa hao walikuwa wakiwala watoto wake, mmoja baada ya mwingine, na kujifuta midomo kwa maswali yao.

Hadi wiki ya tano mtihani ulikuwa umebaki na maswali manne, matatu yakiwa yametungwa huko juu. La kwanza lilitaka jina kamili la Mheshimiwa Waziri. La pili lilitaka idadi ya vyeo vyake. La tatu liliuliza, "Je, wewe ni mzalendo?" na mtoto alipewa nafasi ya kuchagua kati ya *Ndiyo* na *Ndiyo sana*. La nne lilikuwa la Nyamizi, na lilikuwa bado halijapanda, kwa sababu alikuwa amelikalia.

Lilisema hivi: *Tangi la shule lilikuwa na lita 240 za maji. Wanafunzi wakatumia robo tatu ya maji hayo. Je, zilibaki lita ngapi?*

Alijua wazi kwamba likipanda peke yake litafutwa kabla ya chai ya saa nne. Akakaa nalo siku mbili. Siku ya tatu akachukua kalamu, akaandika pembeni kwa herufi kubwa: *Hili ni swali rahisi mno la darasa la pili. Limewekwa ili kuwapa moyo watoto wazito.*

*

Aliomba alipeleke kwa mkono wake mwenyewe kwa Mkurugenzi Mkuu, Dakta Lubasha, aliyepata udaktari wake katika chuo kikuu cha nchi ambayo swali kuihusu lilikuwa limefutwa tayari.

Dakta Lubasha alilisoma. Midomo ikamcheza. Akatazama dari, akatazama dirisha, kisha mkono wake mmoja ukashuka chini ya meza, na Nyamizi aliweza kuona bega likitetemeka kidogo kidogo jinsi vidole vilivyokuwa vikihesabiana huko gizani. Dakika nne zikapita. Akafikia ile sentensi ya pembeni, akaisoma mara mbili, na uso ukamkunjuka.

"Mwalimu," alisema, "hili si jepesi kupita kiasi? Tusije tukachekwa na majirani."

"Ndivyo lilivyo, Mheshimiwa. Nilihofia mtalifuta kwa wepesi wake."

"Hapana, hapana. Nchi ni pamoja na wazito." Akaweka saini. "Mimi nimelijibu kichwani mara tu lilipoingia mlangoni."

Maofisa wengine wote, wa chini yake na wa juu yake, wakawa vivyo hivyo. Hakuna aliyethubutu kuwa mkubwa wa kwanza kushindwa na swali la darasa la pili. Kila mmoja alitia saini haraka kuliko mwenzake, na mmoja akaongeza kwamba linamkumbusha utoto. Swali likafika kwa Waziri, likarudi na saini na muhuri, likafuatana na bahasha ndogo iliyofungwa kwa nta, ambayo hakuna aliyemwambia Nyamizi ina nini.

Naye hakuuliza. Usiku ule alikula chakula chote kwa mara ya kwanza tangu afungiwe. Swali moja la kweli lilikuwa limepita katikati ya meno yao yote, na moja lilimtosha, kwa kuwa hayo mengine matatu kila mtoto nchini angeyapata.

*

Siku ya mtihani ikawadia. Nyamizi hakuiona, kwani watungaji walibaki ndani hadi mwisho, lakini tunasikia ilifana. Askari walisimama kila mlango. Watahiniwa walipangwa mistari, na wakaguzi waliovaa fulana za Maboresho wakapita wakinusa midomo yao mmoja mmoja, kutafuta karanga. Hakuna karanga hata moja iliyopatikana, na kufikia adhuhuri redio ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba wizi wa mitihani ni historia.

Kutoka chuoni Nyamizi alipelekwa moja kwa moja kwenye ukumbi wa kusahihishia. Bwana Kirumbuyo akaivunja ile nta mbele ya wasahihishaji wote, akakohoa, akasoma:

"Swali la nne. Jibu sahihi: lita mia mbili na arobaini, kwa kuwa chini ya uongozi imara maji hayapungui."

Watu wakaandika. Nyamizi alisubiri acheke, lakini hakucheka.

"Bwana Kirumbuyo. Wametumia robo tatu."

"Nimesoma, mama."

"Zinabaki sitini."

Mratibu akamvuta pembeni, karibu na dirisha. "Sikiliza. Mwezi wa tatu Mheshimiwa aliwaambia wananchi kwamba katika kipindi chake maji ya matangi ya shule hayatapungua. Ulikuwepo?"

"Nilikuwa shuleni, napima maji yanavyopungua."

"Basi ndiyo shida ya kutosikiliza redio. Aliposoma swali lako hakuuliza hesabu. Aliuliza ni nani aliyepunguza maji. Tumshukuru Mungu kwamba hakuliona jina lako. Na Kanuni ya Saba unaijua: jibu sahihi ni jibu la ofisa wa juu kabisa aliyeweka saini."

"Hiyo sikuambiwa."

"Ni ya siri. Maboresho haya."

Nyamizi akarudi mezani, akafungua bunda la kwanza. *Lita 240, kwa kuwa chini ya uongozi imara maji hayapungui.* Karatasi ya pili, hivyo hivyo. Ya kumi, ya mia, ya mikoa mitano tofauti, watoto wasiojuana wala kuonana walikuwa wameandika maneno yaleyale ya Waziri, bila kupunguza hata *imara*. Bahasha ilikuwa imefika nzima, na nta nzima. Jibu tu ndilo lililotembea. Nyamizi alifunua karatasi baada ya karatasi, akahisi ametia mkono ndani ya kitu kilichooza ambacho watu wote ukumbini walikuwa wakikila kwa kijiko.

Jioni likaja bunda la Kilungwini. Majina hayakuwapo, namba tu, lakini mwandiko uliolalia kushoto aliujua kabla hajaketi. Chini ya swali la nne Kabula alikuwa amechora fimbo ndogo yenye alama tatu, na pembeni ameandika: *Zimebaki lita 60. Leo uji upikwe nusu.*

Walioandika sitini walikuwa arobaini na mmoja, kila mmoja kwa njia yake. Mmoja aligawanya, mwingine alitoa, mwingine alichora tangi na watoto wakiwa wamepanga foleni. Wote wamepata, na wote wamekosa, kwa swali ambalo yeye mwenyewe alilipigania hadi likapita. Mchuma janga hula na wa kwao, na hawa wake walikuwa wamewekewa sahani bila kujua chakula kinatoka wapi.

Akaweka alama arobaini na moja za vema, kubwa, kwa wino mwekundu, hadi karatasi nyingine zikatoboka. Bwana Kirumbuyo alikuja nyuma yake na kalamu yake mwenyewe. Bila maneno makali, kwa upole wake uleule, aliketi akachora mkasi, ile alama ya kukosa, juu ya kila vema. Kazi hiyo ilimchukua robo saa.

*

Matokeo yalisomwa uwanjani kwa tarumbeta. Alama ya kufaulu ilikuwa manne kwa manne, na kwa mara ya kwanza katika historia nchi nzima ilikuwa imefaulu, isipokuwa shule moja. Dakta Lubasha alipewa nishani. Shule ile moja ilifunguliwa jalada.

Kosa lake liliandikwa vizuri: watahiniwa wote wa kituo kimoja kutoa jibu moja lisilo la taifa. Adhabu yake ilikuwa kufungwa kwa shule na watoto kuzuiwa mtihani maisha yao yote. Nyamizi akaitwa mbele ya Baraza kujieleza. Alikwenda amevaa gauni lake la kanisani, na njia nzima alikuwa akiyapanga maneno, kwa sababu aliamini bado pana mtu mmoja ndani ya chumba kile ambaye akielezwa ataelewa.

Maofisa kumi na watatu walikaa upande mmoja wa meza ndefu. Katikati palikuwa na jagi la maji, na mbele ya jagi, kwenye kitambaa cheupe, ililazwa fimbo ya tangi ya Kilungwini, imefungwa karatasi: *Kielelezo Namba Moja*.

"Watoto wako wamekutwa na jibu moja," alianza Dakta Lubasha. "Wote."

"Na nchi nzima imekutwa na jibu moja, Mheshimiwa."

"Huo ni umoja wa kitaifa." Akamimina maji, akanywa, akampitishia jirani jagi. "Wengi wape, Mwalimu. Hujapata kusikia? Mmoja wa watoto wako amechora hata ramani ya siri."

"Ni fimbo. Hiyo hapo mbele yako."

"Kwa hiyo unakubali kwamba chombo kilikuwapo."

Karani akaandika. Jagi lilizunguka meza, kila mmoja akijimiminia, maana siku hiyo kulikuwa na joto. Wajumbe walisema kwa zamu. Mmoja alitaka kujua sitini imetoka nchi gani. Mwingine alisema yeye binafsi ana tangi nyumbani na halijawahi kuwa na sitini. Jagi likamrudia Mkurugenzi. Akaliinamisha juu ya bilauri yake, na hakikutoka kitu. Akaliinamisha zaidi. Maofisa walitazama kucha zao, na hakuna aliyemwita mhudumu, kwa kuwa kumwita kungekuwa kusema jambo.

Dakta Lubasha akalirudisha jagi mezani taratibu. Kisha akainua bilauri tupu, akainywa hadi mwisho, akajifuta midomo.

Nyamizi alimtazama koo lilivyopanda na kushuka. Yale maneno yote aliyoyapanga njiani yakamtoka kichwani, na mahali pake pakabaki kinyaa kitupu, kikavu, hata akatamani kutema mate pale sakafuni.

"Mara ya mwisho, Mwalimu," akasema Mkurugenzi. "Watoto arobaini na mmoja, wa kijiji kisicho na redio, kisicho na ndugu wizarani. Jibu hili walilipataje?"

"Niliwafundisha," akasema Nyamizi.

Minong'ono ikapita mezani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Wajumbe wawili walitikisa vichwa kwa masikitiko. Dakta Lubasha akamgeukia karani na kumwambia aandike bila kuongeza wala kupunguza, na karani, aliyekuwa na mwandiko mzuri sana, akaandika: *Mtuhumiwa amekiri.*